Vimbunga vya mbali na mvua ya Dodoma: shajara ya mradi

Oktoba, mwishoni

Haya wadau, maendeleo ya huu mradi nitakuwa naandika sehemu moja maana vipande vya kwenye simu vinapotea kila nikibadilisha laini. Mradi wenyewe ni mwepesi kuelezea: dhoruba ikizaliwa Bahari ya Hindi upande wetu wa kusini nainakili kwenye daftari, ipo wapi, inaelekea wapi, alafu pembeni naandika huku Dodoma upepo umetoka wapi, mawingu yameelekea wapi na kipima mvua kimepata kitu au hakijapata. Basi. Sio utabiri, utabiri kisheria ni kazi ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, na sheria yao ya 2019 sina mpango wa kugombana nayo, mimi naangalia kilichotokea na kujiuliza kwa nini.

Kilichonisukuma ni kimbunga Hidaya. Mei 2024 kila grupu la WhatsApp lilikuwa na ramani yenye duara jekundu na watu wa Nkuhungu na Area C wanaulizana kama waanze kufunga mabati kwa mawe. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei ikiwa imeshachoka, balaa lililobaki likaishia kusini huko, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga na malori yakalala njiani. Sisi ukikata hewani tuko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, na mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Kimbunga kinaishi kwa joto la maji ya bahari, yani nyuzi 26 na nusu kwenda juu, kikishapanda nchi kavu nguvu inakatika. Kwa hiyo kimbunga chenyewe Dodoma hakiji, hilo tulimalize leo leo ili tusirudie kila msimu. Ila kuna kitu kingine kinatufikia na mara nyingi kinatufikia kimya kimya, na hicho ndo nakitafuta.

Novemba, wiki ya kwanza

Vifaa. Shemeji ni fundi sola, amenipatia kile kichipu cha kupima mgandamizo wa hewa, BMP280, tumekiunga na bodi ya ESP32 inarusha namba kwenye simu, usiku umeme ukikatika inabebwa na betri chakavu ya sola. Kipima mvua ni cha plastiki cha kawaida kabisa, nimekifunga kwenye nguzo mbali na mwembe maana majani yakikidondoshea matone unaandika mvua ya mwembe. Cha kuonyesha upepo ni kipande cha kanga juu ya bomba refu, cheka tu lakini kinafanya kazi.

Sasa huo mgandamizo una vituko vyake, ngoja nivieleze maana kila anayekuja nyumbani ananiuliza. Namba ya hapa inachezea kwenye hektopaskali 890 hivi, mtu aliyezoea kuona 1013 kwenye apu anashtuka anadhani tuko katikati ya tufani, kumbe ni mwinuko tu, ukiwa juu hewa iliyobaki kichwani ni pungufu. Alafu kila siku namba inapanda na kushuka mara mbili kwa ratiba kama ya basi, saa nne asubuhi iko juu, inashuka mpaka saa kumi jioni, inapanda tena hadi saa nne usiku, inashuka saa kumi alfajiri. Tropiki yote iko hivyo, jua linapasha moto hewa ya juu na anga zima linajibu kwa pamoja. Mshuko wa jioni peke yake unafika hektopaskali tatu hivi, na dhoruba iliyoko kilomita elfu moja na kitu haiwezi kutushushia namba kiasi hicho. Kwa hiyo mtu akisoma barometa saa kumi jioni akaona imeanguka akapost kwamba kimbunga kinakuja, alichotangaza ni saa kumi jioni.

Ninachofanya nalinganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, sio asubuhi na jioni. Na hata hivyo mgandamizo nauweka pembeni. Mwenye habari ni upepo.

Novemba, bado

Ramani. Bahari yetu yote, ikweta mpaka nyuzi 40 kusini, longitudo 30 mpaka 90 mashariki, inaangaliwa na kituo cha La Réunion cha Météo-France, hao ndo wanapanga daraja. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa dhoruba inapewa jina, ikiwa magharibi ya longitudo 55 jina linatoka Madagascar, ikiwa mashariki yake linatoka Mauritius. Ikifika 118 ndo inaitwa kimbunga kwa maana ya kitabuni. Huku kwetu hata upepo wa vumbi wa Nzuguni ni kimbunga, sina ugomvi, ila kwenye daftari nafuata La Réunion.

Njia za zamani nimezitoa IBTrACS, hifadhi ya Marekani yenye njia za dhoruba za dunia nzima, ni bure, bando tu ndo lako. Nimekaa nayo usiku mzima naangalia mistari. Ukweli unaonekana haraka: mistari imejaa Madagascar na Mlango wa Msumbiji, ukipanda kaskazini kuja kwetu inapungua mpaka karibu inaisha. Karibu na ikweta dunia haitoi ule msokoto wa kutosha kuzungusha hewa, ndani ya nyuzi tano ni nadra sana. Zilizofika pwani yetu zinahesabika, Unguja 15 Aprili 1872 ile iliyong'oa mikarafuu mpaka Pemba ikashika usukani wa karafuu, na Lindi 15 Aprili 1952. Tarehe moja, miaka 80 katikati, ni bahati tu lakini nilibaki naitazama skrini.

Jambo dogo kwa wanaotumia Windy, ile apu ya ramani za upepo. Ile sehemu ya kuchagua kimo, kinachoandikwa kwa hektopaskali, ukichagua 925 au 900 juu ya Dodoma unaona mishale mizuri tu inapita, ila hicho kimo huku kiko chini ya ardhi! Mgandamizo wa hapa ardhini ni 890 hivi, kwa hiyo upepo wa 925 wa Dodoma unavuma ndani ya miamba, ni kompyuta inajazia tu. Weka 850, hapo ni mita mia nne hivi juu ya kichwa chako, au 700 uone unyevu mkubwa unakopita. Hii imenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Desemba

Kazi ya mwezi huu ni daftari la mzee mmoja wa Hombolo, analima zabibu na mtama, ameandika mvua kwa miaka mingi kwa mkono wake, sio milimita, ni tiki na maneno. Tiki moja mvua ndogo, tiki tatu korongo limejaa. Pembeni anaandika mvua imetokea wapi, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, Iringa. Huyu mzee hana habari na La Réunion lakini kaandika kile kitu nilichokuwa nakitafuta, upande.

Nilipofika nikamwamkia, "Mbukwa mzee," akaitikia akanikazia macho, "wewe ndo yule kijana wa vimbunga?" Nikamwambia ndiyo shikamoo, akasema, "Marahaba. Kimbunga cha Msumbiji kinanihusu nini mimi, mimi nina ubwiri kwenye zabibu." Ubwiri ni ugonjwa wa ukungu. Nikamwambia mzee wangu nipe daftari nikaangalie, labda vinahusiana. Akanipa kwa masharti, lirudi kabla ya palizi.

Nimelipiga picha kurasa zote. Sasa nazipanga na zile njia za IBTrACS, taratibu, usiku, umeme ukiwepo.

Desemba, karibu na Krismasi

Hapa naandika kwa kirefu maana ndo moyo wa mradi.

Machi 2018. Bahari ilikuwa na Dumazile mwanzoni mwa mwezi, ikipita mashariki ya Madagascar, alafu katikati ya mwezi Eliakim ikapiga kaskazini mashariki ya kisiwa. Kutoka hapa ni mbali, kilomita kama 2,000 hivi. Kenya msimu ule walipata mvua za mafuriko, hilo limeandikwa sana na wataalamu wa hali ya hewa. Kwenye daftari la mzee ile Machi ina tiki zimepangana, na pembeni, kwa mwandiko wa haraka, Manyoni, Manyoni, Manyoni.

Machi 2019. Idai. Iliingia Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15, mji ukavunjika, watu wakafa wengi Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Beira iko karibu kusini yetu moja kwa moja, kilomita kama 1,500. Karibu kuliko Dumazile na ina nguvu kuliko Eliakim. Mwaka ule masika ya Afrika Mashariki yalichelewa na Machi ikawa kavu. Daftari la mzee limeandika jua, jua, wingu halina kitu, jua.

Yani iliyo mbali ikaja na mvua na iliyo karibu ikaondoka nayo. Watu wote, na mimi nikiwemo, tunaangalia apu tunauliza kipo umbali gani na kina upepo wa kilomita ngapi. Swali la Dodoma sio hilo. Swali ni kipo upande gani wa Madagascar.

Sababu yake ukiichora inaeleweka. Kusini ya ikweta dhoruba inazunguka kama mishale ya saa. Chukua karatasi, weka duara, zungusha, utaona upande wake wa kaskazini hewa inakwenda mashariki. Sasa duara hilo likiwa mashariki ya Madagascar, mkono wake wa kaskazini ni mrefu, unaunganika na hewa ya bara, unavuta kutoka misitu ya Kongo, inapita Tabora, Manyoni, inatufikia sisi ikiwa na unyevu ambao upepo wetu wa kawaida wa kutoka mashariki unakuwa umeshaumwaga kwenye milima ya Morogoro na Kilosa kabla haujafika hapa. Ndo maana mzee anaandika Manyoni. Duara likihamia Mlango wa Msumbiji au likipanda nchi kavu kule Beira, hewa yenye unyevu inaelekezwa kwake, inakusanyika Msumbiji na Malawi, na hewa iliyopanda kule katikati lazima ishuke mahali pembeni, inaposhuka inakauka na mawingu yanakatika. Ni shuka moja mmelala wawili, mwenzio akilivuta wewe miguu nje.

Sio mimi niliyegundua, wataalamu wameshaandika kuhusu hizi pepo za magharibi na vimbunga, na TMA kwenye taarifa zao utaskia wanasema unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo. Ninachoongeza ni tiki za mzee wa Hombolo tu.

Januari

Umeme umekuwa wa mgao wa mtaa wetu, transfoma, betri ya shemeji imefanya kazi ya kiume. Mvua za msimu zimeanza kwa kusuasua. Kitambaa cha kanga kinaelekea upande uleule, kaskazi inavuma, hakuna cha kuandika. Nilijaribu kuongeza kamera ya kupiga picha mawingu kila saa, kunguru wameifanya kiti.

Februari

Hii ndo niliyoisubiri. Kuna mgandamizo mdogo umejikunja mbali mashariki ya Madagascar, haujafika hata kilomita 63 kwa saa, hauna jina na kwa jinsi La Réunion wanavyouandika hautapata jina. Hakuna grupu hata moja lililouzungumzia. Siku ya kwanza nikaona kwenye 850 mishale ya juu ya Tabora inageuka, kesho yake kanga juu ya bomba ikaanza kuelekea Morogoro, yani upepo unatoka Manyoni, jambo ambalo kwenye hii nyumba ni geni. Mawingu ya chini yakawa yanakwenda huko huko. Harufu ya hewa ikabadilika, asubuhi nguo hazikauki.

Nikampigia mzee. Sikumwambia mvua inakuja, nilimuuliza tu mawingu kwake yanatoka wapi. Akanyamaza kidogo akasema, "Manyoni." Alafu akasema anakwenda kufunika sumu ya ubwiri, maana ukinyunyizia leo mvua ikaosha kesho umemwaga hela. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mzao huu wa karibu na Machi ndo unakutana na mvua, matunda yakilainika na majani yakakaa na maji ukungu unaingia, kwa hiyo kwa mkulima wa zabibu hii habari ya upande sio burudani. Mwenye mtama anaomba inyeshe, mwenye zabibu anaomba isubiri, na wakati mwingine ni mtu huyohuyo.

Ilinyesha. Sio ile ya radi na upepo wa kuangusha mabango, ni ile inayokaa, inanyesha inapumzika inanyesha, barabara ya mtaani ikawa tope la kukwamisha bajaji. Kipima mvua kilipata vizuri.

Kitu kisicho na jina, kilomita zaidi ya 2,000, kimegeuza upepo wa hapa. Wakati Chido mwaka 2024, ile iliyoibomoa Mayotte tarehe 14 Desemba, kilomita kama 1,200 na kitu kutoka hapa, kila mtu anaikumbuka, mimi naikumbuka kwa sababu kila baada ya nusu saa mama mkwe alikuwa ananipigia kutoka Bahi kuuliza kama atoe mbuzi bandani.

Machi

Kimya baharini. Nimetumia muda kuangalia upande wa pili wa shilingi, siku ambazo upepo umetoka Manyoni na hakuna dhoruba yoyote. Zipo, tena sio chache. Hapa ndo inabidi mtu awe makini. Kuna ile MJO, kundi kubwa la mawingu linalotambaa kutoka Bahari ya Hindi kuelekea mashariki na kuzunguka dunia kwa siku 30 mpaka 60, likipita kwenye bahari yetu linageuza upepo lenyewe, na hilohilo linasaidia vimbunga kuzaliwa. Kwa hiyo ukiona kimbunga na mvua pamoja inawezekana wote ni watoto wa mama mmoja na kimbunga hakijafanya chochote. Machi 2018 MJO ilikuwepo pia. Nimeongeza safu ya MJO kwenye daftari, inanichosha lakini bila hiyo nitakuwa napiga ramli.

Na kuna mvua ambazo hazina uhusiano kabisa. Jamaa mmoja kaniandikia kwamba maporomoko ya Katesh, yale ya Desemba 2023 chini ya Hanang, ni kimbunga. Hapana. Mwaka ule ilikuwa El Nino na Bahari ya Hindi ya magharibi ilikuwa na joto kuliko ya mashariki, ukanda wote ulilowa kwa miezi. Sio kila maji yanayotembea yametumwa na Madagascar. Namheshimu, ila nilimjibu kwa ukali kidogo.

Freddy nayo imenisumbua. Ile ya 2023 ilizaliwa karibu na Australia mwezi wa pili, ikavuka bahari nzima, ikapiga Madagascar, ikapiga Msumbiji, ikarudi baharini, ikapiga tena na kuimaliza Malawi. Shirika la hali ya hewa duniani limeithibitisha kuwa ndo iliyodumu kuliko zote, siku 36. Sasa dhoruba kama hiyo naiweka upande gani? Ilikuwa mashariki, ikawa kwenye mlango, ikawa nchi kavu, ikarudi kwenye mlango. Ukisema "Freddy ilileta nini Dodoma" swali halina maana, lazima uikate vipande kwa siku, kila siku na upande wake. Kwa hiyo nimebadilisha daftari lote, mstari sio dhoruba tena, mstari ni siku, na dhoruba ni safu mojawapo. Kazi imeongezeka mara nyingi lakini sasa naona vizuri.

Aprili

Kusi imeanza kuvuma, asubuhi kuna baridi kidogo, msimu wetu unafunga mlango. Nimerudisha daftari la mzee, kachelewa palizi kwa sababu zake mwenyewe sio zangu. Nikamwonyesha kwenye simu ule mchoro wa duara na mshale, akauangalia muda mrefu, akaniuliza kwa nini basi kimbunga kisikae hukohuko mashariki ya Madagascar mwezi mzima wa kwanza, mtama ukapata, alafu kikaondoka zabibu zikikaribia. Nikamwambia mzee nitafikisha ombi.

Yaliyobaki. Kipima mvua cha pili kinakwenda Mpwapwa kwa dada, yeye yuko upande wa mashariki ya milima, nataka kujua upepo wa Manyoni ukifika kule unakuwa umebaki na nini. Kamera ya mawingu nitaiwekea miiba ya waya kabla ya Novemba. Na kuna daftari jingine Kongwa, naskia ni la miaka ya zamani kuliko hili, mwenye nalo amesema atanipa ila kwanza nimtengenezee redio yake, na redio yenyewe nimeifungua jana nimekuta panya wamekula spika.